Mjusi Chui na Jamaa Yake wa Nyika: Uchambuzi wa Ufugaji

Miongoni mwa masuala ambayo zama zetu zimeyaleta mlangoni bila ya wazee wetu kupata kuyafikiri, limo hili la kumfuga mjusi ndani ya nyumba: si kwa kuwa amejiingilia mwenyewe na kukaa ukutani karibu na taa, kama afanyavyo mjusi kafiri tangu nyumba zilipoanza kujengwa, bali kwa kutiwa katika sanduku la kioo, akalishwa kwa koleo, akapewa jina, na akahesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumbani. Vijana wa Bomeni huziona katika simu zao picha za mjusi chui, yule wa rangi ya manjano mwenye madoa meusi na uso ambao kila auonaye hudhani unatabasamu, wakauliza kwa nini asifugwe hapa Taita Taveta, ambako jua si haba wala wadudu hawanunuliwi. Suali lao si la upuuzi, na wanaolijibu kwa cheko hawalitendei insafu. Mimi naona jawabu lake halipatikani katika joto wala katika wadudu, bali katika nasaba ya mnyama mwenyewe, yaani amezaliwa wapi, kwa wazazi gani, na ni mahali gani palipopunguzwa ili yeye apatikane. Na kwa kuwa nyika yetu hii yenyewe imo katika maskani ya jamaa wa damu wa mjusi huyo, ambaye wengi humpita bila ya kumjua, kosa la kutotofautisha baina ya wawili hao laweza kutuletea hasara isiyorudishika.

Mjusi chui, ambaye wataalamu humwita Eublepharis macularius, asili yake ni majabali na nyika kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, na aliyemwandika kwanza katika vitabu vya ilimu ni Edward Blyth, mwaka 1854. Ni mnyama wa machweo na usiku, anayeshinda mchana chini ya mawe na kutoka jua linapotua. Akishakua hupata urefu wa sentimita 20 hadi 25, na akitunzwa vyema huishi miaka 15 hata 20, umri ambao mtoto aliyemwomba mzazi wake amnunulie huwa amekwisha maliza shule, amehama, na pengine ameoa, ilhali mjusi yungali yupo. Jambo linalomtenga na mjusi kafiri laonekana mara tu mtu akimwinamia kwa karibu: ana kope, naye hufumba na kufumbua macho kama mtu aliyeamshwa, ilhali mjusi wa ukutani jicho lake limefunikwa na ngozi angavu isiyofumba, tena vidole vya mjusi chui havina nyayo za kunatia ukutani, bali vina kucha tu, hata hawezi kuupanda ukuta wa kioo. Mkia wake ni mnene, ndani yake mna shahamu aliyoiweka akiba kwa siku za njaa, na akishikwa na adui huukata mwenyewe akauacha ukirukaruka, kisha huota mwingine ulio laini na mfupi kuliko wa kwanza, usiopata tena zile pete za asili.

Aila hii ya mijusi wenye kope ni ya kale, na imetawanyika duniani kwa mafungu yaliyo mbali mbali, kama masalio ya ukoo uliokuwa mkubwa: wako Asia, wako Marekani ya Kati, wako Afrika ya Magharibi, na wako kwetu. Wa kwetu aitwa Holodactylus africanus. Makazi yake ni ardhi kavu kuanzia Somalia na Ethiopia, kupitia Kenya hadi kaskazini mwa Tanzania. Ni mdogo, kiasi cha sentimita 10 hivi, mkia wake mfupi, rangi yake ya hudhurungi yenye mabaka na vidoa vyeupe, na kichwa chake ni kikubwa kuliko kiwiliwili kinavyostahili. Hakimbii kama mijusi wengine. Hutembea polepole, ameinua mwili juu ya miguu myembamba, akifumba macho anapoangaziwa tochi. Mchana hujificha shimoni, usiku hutoka kutafuta mchwa na wadudu wadogo, na watu humwona zaidi mvua zinapolainisha ardhi. Amekaa huku tangu kabla ya reli kufika Voi, kabla ya mashamba ya mkonge, kabla ya mipaka ya mbuga kuchorwa, na nadhani hata miongoni mwa wachungaji wetu, wajuao kila nyoka na kila kenge, si wengi wanaoweza kumtofautisha na mjusi mwingine yeyote.

Sasa tutazame kwanza kile ambacho vijana huanzia nacho, yaani hali ya hewa. Mjusi wa aila hii hawezi kujipatia joto kwa damu yake. Sharti alitwae nje, na kwa hiyo kizimba chake shurti kiwe na pande mbili, upande wa joto ufikao nyuzi 31 hadi 33, na upande wa ubaridi wa nyuzi 24 hadi 26, naye atahama baina ya pande hizo kwa kadiri tumbo lake linavyotaka kusaga chakula au mwili wake unavyotaka kupumzika. Huko Ulaya mfugaji hulipia umeme mwaka mzima ili kuupata upande wa joto. Hapa Voi, mji ulio chini ya mita 600 juu ya bahari, joto la mchana aghalabu huzunguka nyuzi 30 na usiku hushuka hata 20 hivi, kwa hiyo upande wa joto karibu twapewa bure. Lakini hapo ndipo penye mtego, kwani katika nyumba ya mabati, mwezi wa Februari, kinachokosekana ni ule upande wa pili. Sanduku la kioo likiwekwa penye dirisha linaloingiza jua la mchana laweza kumuua mjusi kabla ya adhana ya alasiri, na mfugaji aliyesoma maelekezo ya watu wa nchi za theluji hatakuta humo neno hata moja la kumwokoa. Yafaa basi chungu cha udongo kilichoinamishwa na kuloweshwa kwa nje, pembe ya nyumba isiyoguswa na jua, na kipimajoto katika kila upande. Wundanyi, huko milimani ambako ukungu hushuka hata mchana, mambo hugeuka, na huko taa au mkeka wa umeme wenye kidhibiti joto hauepukiki. Hivyo katika kaunti moja mna hukumu mbili.

Chakula nacho chaonekana chepesi kuliko kilivyo. Mjusi chui hali mboga; hula wadudu, tena walio hai na wanaotembea, maana kisichotikisika kwake si chakula. Panzi na nyenje wetu ni wengi baada ya mvua, lakini panzi aliyetoka katika shamba lililopuliziwa dawa huingia katika tumbo la mjusi pamoja na sumu yake, na mende wa jikoni huenda ameishi juu ya sumu tuliyoiweka sisi wenyewe. Kumbikumbi nao wana mafuta mengi mno kuwa chakula cha kila siku. Njia salama ni kuwafuga wadudu hao wenyewe, na katika hilo Kenya si mchanga, kwani Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimefanya utafiti wa ufugaji wa nyenje kwa ajili ya chakula cha watu, na maarifa yale yale ya ndoo, trei za mayai na pumba yanamfaa mwenye mjusi. Hata hivyo nyenje mtupu hatoshi. Wadudu wana chokaa kidogo, na mjusi akosaye chokaa pamoja na vitamini D huanza kuichota katika mifupa yake mwenyewe: taya hulegea, miguu hupinda, uti wa mgongo huingia mawimbi, naye huendelea kukutazama kwa ule uso tunaodhani unatabasamu, bila ya sauti wala malalamiko, mpaka siku asipoweza tena kuinua tumbo juu ya mchanga. Unga wa mfupa wa dome, ambao watu wa pwani huuokota ufukweni bila ya thamani, ukisagwa na kunyunyizwa juu ya nyenje kabla ya kumlisha, huondoa nusu ya balaa hiyo. Nusu ya pili hutaka taa maalumu au vitamini ya kununua, na sioni kuwa ni haki kumfuga mnyama huyu kwa asiyeweza kuipata. Kadhalika ahitaji pango lenye unyevu, kwani hujivua ngozi mara kwa mara na kuila, na ikigandia vidoleni kwa ukavu hukata damu, kidole kikaoza.

Hayo yote, walakini, ni masuala ya ustadi, na ustadi hufunzika. Suala zito ni la nasaba. Mjusi chui amezaliwa kizimbani kwa vizazi vingi. Watu wamemzalisha kwa miongo kadhaa, kazi iliyorahisishwa na tabia yake ya kutaga mayai mawili mawili mara kadhaa kwa msimu, na kwa ajabu moja ya maumbile yake, kwamba jinsi ya mtoto huamuliwa na joto la yai: yakikaa katika nyuzi 26 hivi hutoka majike kwa wingi, yakikaa 32 au 33 hutoka madume kwa wingi, na joto likizidi kidogo hurudi majike. Kwa sababu hiyo anayemnunua mjusi chui aliyezaliwa kizimbani hamwibii mtu jabali wala hapunguzi kitu katika nyika ya Punjab. Hii ndiyo hoja yake kubwa, nami naikubali, ingawa uzalishaji huo nao umekuwa na dhuluma yake, kwani tamaa ya rangi mpya imezaa mijusi wenye kasoro za kuzaliwa nazo. Mashuhuri miongoni mwao ni wale weupe wenye manjano ya limau, waliopendwa na kuuzwa ghali mpaka ikabainika kwamba rangi yenyewe huandamana na uvimbe wa saratani, na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakaihusisha na jeni iitwayo SPINT1. Mtu akichagua mjusi kwa rangi, aulize pia ni nini kilichofungamana na rangi hiyo.

Lakini jamaa yake wa nyika hana nasaba ya kizimbani. Aghalabu anayeonekana ndani ya chupa amechimbuliwa ardhini, na kuhusu matokeo ya uchimbuaji wa namna hiyo hatuhitaji kubuni, maana jirani zetu wa Tanzania wamekwisha kuyaonja. Katika msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, yuko mjusi mdogo aitwaye Lygodactylus williamsi, aliyeandikwa mwaka 1952 na Arthur Loveridge, yule yule aliyekuwa mlezi wa jumba la makumbusho la Nairobi tangu 1914 na ambaye mwaka 1935 alimwandika yule kiumbe wa udongoni asiye na miguu wa milima ya Taita, Boulengerula taitana. Dume la mjusi wa Kimboza ni buluu ya feruzi kutoka pua hadi mkia, rangi ambayo mtu haitazamii kwa mnyama wa msituni, na maskani yake ni mikadi, jamii ile ile ambayo maua yake huwekwa katika vikuba vya mabibi arusi. Anakaa katika makuti ya mkadi, hunywa maji yanayotuama humo, hutaga humo. Uzuri wake ulipojulikana Ulaya na Marekani, wakusanyaji wakaingia msituni; na kwa kuwa mikadi ni mirefu na mijusi hukaa juu, njia ya haraka ikawa kuukata mti. Hesabu iliyofanywa na watafiti ilionyesha kuwa kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji liliwatoa mijusi zaidi ya 30,000 katika msitu ambao eneo lake ni kilomita za mraba chache tu. Kila mkadi uliokatwa ulikuwa nyumba, kisima na kitanda cha uzazi cha wengine ambao hawakukamatwa.

Mwaka 2012 mjusi huyo akaandikwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mataifa yakakubaliana kumtia katika orodha ya kwanza, ambayo huzuia biashara ya wale waliotolewa porini. Na mwaka huo huo Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Haya yalikuwa mema, lakini yalikuja baada ya miti kuanguka. Nami nikiyalinganisha na hali yetu napata khofu, kwani Kimboza ulikuwa msitu unaojulikana, wenye mipaka na wenye walinzi, ilhali Holodactylus wetu hakai katika msitu wowote ambao mtu aweza kuuzungushia ulinzi. Amesambaa katika nyika ambayo sehemu ni mbuga, sehemu ni ranchi, sehemu ni mashamba ya watu, na hakuna atakayejua kwamba amepungua katika bonde fulani mpaka apite mtu anayemtafuta. Vivyo hivyo kwa viumbe wa milima yetu, ambao wengine hawapatikani popote duniani ila hapa: kinyonga wa Taita mwenye pembe mbili, Kinyongia boehmei, aliyetambulishwa mwaka 2002, na yule kiumbe wa udongoni asiye na miguu wa kilima cha Sagalla, Boulengerula niedeni, aliyepata jina mwaka 2005 kwa kazi ambayo Patrick Malonza wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya alishiriki. Kilima kizima cha Sagalla mtu akiwa Voi hukiona kwa mtazamo mmoja. Hapo ndipo ulimwengu wote wa kiumbe huyo unapoanza na kuishia.

Kwa upande wa kanuni mambo ni mafupi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikusudii ndovu na faru peke yao. Neno lake la wanyamapori humfikia kila mnyama wa asili wa nchi hii, hata asiyetimiza urefu wa kidole, na anayetaka kumweka au kumsafirisha yampasa apate idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Waliokuwa wakidhani kuwa udogo wa mnyama ni kinga ya mkosaji walizinduliwa mwaka 2025, pale vijana wawili wa Kibelgiji walipokamatwa wakiwa na chungu hai wapatao 5,000 waliotiwa katika vimirija vyenye pamba, tayari kwa soko la wafugaji wa ng'ambo. Mwezi Mei mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikawatoza, wao na wengine wawili wa kesi ya namna hiyo, mmoja wao Mkenya, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Ikiwa hivyo ndivyo kwa chungu, sembuse mjusi.

Liko jambo la dini, nalo kwa watu wetu wengi lina uzito kuliko sheria ya serikali. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba ambamo mjusi wa ukutani huuawa akionekana, kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa kwamba jinsi yake iliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, alayhi salaam. Na asiyetaka mjusi nyumbani kwake kwa sababu hiyo, sina neno naye wala si kazi yangu kutoa fatwa. Ila nawakumbusha wasomaji mapokezi mengine mawili ambayo kila mtoto wa chuoni huyasikia. La kwanza ni la yule mtoto Abu Umair, aliyekuwa na kidege cha kuchezea, naye Mtume, sala na salamu ziwe juu yake, akamliwaza kilipokufa bila ya kumlaumu kwa kukiweka, na katika hilo wanazuoni wamepata ruhusa ya kufuga. La pili ni la mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhi, akastahiki moto. Ruhusa na sharti lake zimekuja pamoja. Anayemfungia kiumbe amejitwika riziki yake yote, joto lake, maji yake na mifupa yake, na kwa mnyama asiyelia sharti hilo huwa zito zaidi, kwa kuwa mwenye kumdhulumu hasumbuliwi hata na kelele.

Wako pia waogopao sumu. Hakuna mjusi wa aila hizi mwenye sumu, si wa ukutani, si mjusi chui, si yule wa nyika, na chakula alichokiangukia mjusi hakiui kwa sumu yake. Kilicho kweli ni kwamba mavi ya mijusi yaweza kuwa na vijidudu vya salmonela, vinavyoharisha na ambavyo kwa watoto wadogo na wagonjwa ni hatari. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na chombo chake kisioshwe katika karo la vyombo vya kulia.

Basi mtu wa hapa kwetu aliyetimiza yote hayo, mwenye kipato cha vitamini na subira ya miaka 15, akapata kibali cha kumwingiza mjusi chui aliyezaliwa kizimbani, mimi sioni sababu ya kumkataza. Na aliye na hamu tu bila ya uwezo, ukuta wa baraza yake usiku una mijusi wa kumtosha, ambao akiwasha taa na kukaa kimya atawaona wakiwinda mbu, wakigombea mipaka na kuitana. Wa nyika asiguswe na yeyote isipokuwa watafiti wenye idhini, angalau mpaka ijulikane huzaa mara ngapi na wapo wangapi, maana kuzungumzia mashamba ya kumzalisha kabla ya kujua hayo ni kutafuta jina la heshima kwa uchimbuaji.

Imebaki hatari moja ambayo sisi wa nchi za joto tunayo kuliko wafugaji wa Ulaya. Mjusi chui akitoroka Uingereza, baridi humuua. Akitoroka Voi, huenda asife. Mjusi kafiri mwenyewe, mwenyeji wa Afrika, alichukuliwa zamani na vyombo vya baharini hadi Brazil na visiwa vya Karibi, na leo ni mkazi wa miji ya huko, akigombea chakula na wenyeji. Mgeni mwenye ukubwa maradufu ya Holodactylus, anayekaa mashimo yale yale, kutoka saa zile zile, kula wadudu wale wale na kumeza mijusi wadogo akiwapata, pengine akiwa na maradhi ya kizimbani ambayo nyika haijapata kuyajua, si wa kuachiliwa nje kwa huruma siku mwenyewe anapomchoka. Atakayeshindwa naye amkabidhi kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kizimba kiwe na kifuniko chenye komeo. Na kwa kuwa jozi moja huweza kuleta watoto zaidi ya kumi kwa mwaka, ambao hapa hawana soko halali, asimweke dume na jike pamoja kabla ya kuandikiwa katika kibali chake, kwa maneno yaliyo wazi, watoto hao watakwenda wapi.